Raiza za usukani kwenye Boxer yangu, shajara ya wiki tano

Jumamosi, km 38,410

Nimeamua safari hii naandika, maana mara ya mwisho nilivyobadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, sikuandika popote, baada ya miezi nane mnyororo umeisha nipo dukani naulizwa meno mangapi, nimebaki natoa macho. Kwa hiyo hii hapa, kuanzia mwanzo, na upuuzi wangu wote ndani yake.

Mradi wenyewe ni kupandisha usukani wa Boxer 150 kwa kutumia raiza, vile vipande vya aluminiamu vinavyokaa katikati ya kile kikalio cha usukani na usukani wenyewe. Sababu ni mimi. Nina sentimita 188 bila viatu na pikipiki hii haikutengenezwa ikinifikiria mimi, ilimfikiria mtu wa kimo cha kawaida mwenye abiria na gunia la mkaa nyuma, na kwa huyo mtu haina shida yoyote. Mimi kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola, natokea Mbezi asubuhi naenda Kibaha, Mlandizi, siku nyingine mpaka Chalinze, boksi la spana limefungwa nyuma, na nikifika shambani kwa mteja dakika kumi za kwanza sifanyi kitu, nasimama tu nimeshika kiuno kama mjamzito. Mgongo wa juu katikati ya mabega unawaka. Na kidole cha mwisho pamoja na cha pete vinakufa ganzi, mikono yote miwili, kwa sababu uzito wa kifua nimeulaza kwenye viganja na pale chini ya kiganja upande wa kidole kidogo kuna mshipa wa fahamu unapita, ukiukandamiza saa nzima vile vidole viwili ndo vinaanza kulala.

Kabla ya kununua chochote leo nimefanya kitu cha bure kabisa ambacho nilitakiwa nikifanye siku ya kwanza niliyoinunua hii pikipiki. Nimekaa kwenye siti, nimefumba macho, nimetulia, halafu nimenyoosha mikono mbele kama nimeshika usukani wangu wa ndotoni. Nimefumbua macho nikakuta viganja viko hewani, juu ya gripu na nyuma yake kidogo, yaani usukani uko chini na uko mbali. Nikalegeza bolti nne za vile vibano vinavyoushika usukani, nikazungusha usukani uje nyuma kidogo, halafu nikalegeza klachi na breki nikazishusha mpaka vidole vikinyooka viwe mstari mmoja na mkono, kabla ya hapo nilikuwa nakunja kifundo kwenda juu kila nikitaka kushika klachi. Dakika ishirini, spana moja, shilingi sifuri. Jioni nimeenda Kibaha na kurudi na naapa nusu ya maumivu ya kifundo yameondoka. Ganzi ipo, mgongo upo palepale.

Jumapili, km 38,466

Leo swali ni ngapi. Watu wananunua raiza kwa macho, ndefu zaidi inaonekana nzuri zaidi, sitaki hiyo. Nimechukua mti wa dekio nimeukata urefu wa usukani, nimeufunga juu ya usukani wenyewe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, katikati nimeweka vipande vya mbao, kwanza milimita 20, halafu 30, halafu 50. Nikawa nakaa naushika mti wa dekio nimetulia uani kama mtoto anayejifunza kuendesha. Mama watoto katoka na beseni akanitazama, hakusema kitu, akarudi ndani. Baadaye ndo nikasikia anauliza dekio liko wapi.

20 sikuona tofauti ya maana. 50 nilihisi niko kwenye bajaji, mabega yamepanda juu na viwiko vimekunjika sana. 30 ndo mwili ukasema hapa.

Kitu kingine ambacho nimekipima na simu ni ulalo wa shingo ya mbele, maana usukani haupandi wima kwenda mbinguni, unapanda kufuata shingo ya shokapu, na shingo imelala kuja kwa dereva. Kwangu simu imesoma kama digrii 27. Ukipiga hesabu za form three, raiza ya milimita 30 inanipa kama 27 kwenda juu na karibu 14 kuja nyuma. Hiyo 14 ya bure ndo tamu, mtu mrefu mgongo unapona kwa usukani kusogea nyuma kuliko hata kupanda.

Jumatano, Kariakoo

Nimezunguka maduka ya spea mpaka soli imelalamika. Raiza zipo ila nyingi ni za usukani mnene wa milimita 28.6, wa mapikipiki makubwa na ya mashindano. Usukani wangu ni 22, ule wa kawaida wa inchi saba ya nane. Kijana mmoja dukani ananiambia bosi chukua hii ya 28 utakata kipande cha bomba utaweka katikati itajaa. Hapana mdogo wangu. Usukani ndo kitu pekee kinachonishikilia nisiende chini ya semi, siwezi kukijaza kwa kipande cha bomba.

Zipo pia zile za kupinda, zina kiungo katikati unachagua pembe unayotaka halafu unakaza. Kwenye meza ya duka zinavutia. Ila kiungo kinachokazwa ni kiungo kinachoweza kulegea, na mimi napita vumbi na matuta kila siku, nimeziacha.

Nimechukua za kipande kimoja, milimita 30, aluminiamu, chini zina mgongo wa mviringo unaokaa kwenye kikalio cha zamani na juu zina kikalio kipya, bolti nne ndefu ndani ya paketi, shilingi 45,000 baada ya kubishana. Nimefika nyumbani nimezipima na venia, kile kipimo cha kubana cha milimita: moja 30.1, nyingine 29.3. Karibu milimita moja tofauti! Usukani utakaa upande, na mbaya zaidi utakuwa umepinda kwa nguvu kila ukikaza. Kesho narudi.

Alhamisi

Nimerudi. Muuzaji kaanza na sura ya hakuna kurudisha, nikamwambia sirudishi hela, naomba unifungulie paketi nyingine nipime hapahapa mbele yako. Tumefungua tatu. Ya tatu zote mbili zilisoma 30.0 na 30.1. Alishangaa mwenyewe, akaniuliza hiyo venia umenunua bei gani. Kama unaenda kununua hivi vitu nenda na venia mfukoni, hata ile ya plastiki.

Jumamosi ya pili, km 38,702. Siku niliyoharibu

Naandika hii usiku na nimekasirika, na mwenye kosa namfahamu, nimemnyoa leo asubuhi.

Kazi ilianza vizuri. Nimefunika tangi na blanketi kuukuu, nimetoa vioo, nimepiga picha jinsi nyaya zilivyopita, nimefungua vibano, nimelaza usukani taratibu juu ya blanketi. Nimesafisha vile vikalio vya chini, vilikuwa na udongo wa Mlandizi wa miaka mitatu. Raiza zimekaa vizuri kabisa, hazichezi. Usukani juu, vibano juu, bolti mpya ndani. Nikaanza kukaza kwa vidole na bolti ziliingia upesi sana. Nilitakiwa nisimame hapo. Sikusimama.

Bolti za zamani zina urefu wa milimita 35. Ukiongeza raiza ya 30 unahitaji 65 ili uzi ushike kiasi kilekile cha mwanzo. Za kwenye paketi zilikuwa 55! Yaani mle chini zilikuwa zinashika milimita tano tu, na uzi wa bolti ya 8 unatembea milimita 1.25 kila mzunguko, piga hesabu, mizunguko minne. Minne tu ndo ilikuwa ishikilie usukani. Kwenye aluminiamu bolti inatakiwa izame angalau mara moja na nusu ya unene wake, kwa bolti ya 8 hiyo ni milimita 12, na 15 zilizokuwepo mwanzo ndo raha.

Mimi sikuhesabu mizunguko. Nikachukua spana ndefu, kwa sababu nilitaka ikaze vizuri si ndo usukani huu, nikavuta, ikakaza, nikaongeza kidogo, halafu ile hali kila fundi anaijua, mkono unahisi chuma kimekuwa ubuyu. Spana inazunguka haikazi. Uzi umekufa. Nikaichomoa ikatoka na msokoto mwembamba wa aluminiamu kama sufuria iliyokwanguliwa.

Shimo la mbele kushoto. Moja kati ya manne. Na lile shimo liko kwenye bamba la juu linaloshika shokapu zote mbili, sio kitu cha kununua mtaani kwa elfu tano.

Nimerudisha usukani kama zamani kwa bolti za zamani, upande wa kushoto umeshikwa na bolti moja, na pikipiki nimeifunga mnyororo kwenye nguzo ili nisije nikashawishika. Kuna fundi wa jirani kapita akaniambia weka karatasi ya sigara kwenye shimo halafu kaza. Nimemshukuru.

Jumatatu, Gerezani (mtaa wa mafundi, Dar)

Nimeomba ruhusa kazini. Nimefungua lile bamba la juu nyumbani jana, kazi ya saa mbili, unafungua usukani, mita, nati kubwa ya shingo, bolti za kubana shokapu, na unahakikisha tairi la mbele halibebi uzito, mimi nimeweka kreti ya soda chini ya injini. Nimelifunga kwenye gazeti nikapanda nalo mwendokasi kama mtu aliyebeba kichwa cha samaki.

Gerezani nimeelekezwa kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Shikamoo, marahaba, lete tuone. Kalitazama shimo, kaingiza msumari, kauliza, "Ulikaza na nini mwanangu?" Nikamwambia spana ndefu. Akasema, "Hasira ndefu." Vijana wake wakacheka, na mimi nikacheka, maana ni kweli.

Suluhisho lake lilikuwa bushi ya chuma. Analitanua shimo, anapiga tepu ya 12 (ya kukatia uzi), halafu anakereza kibushi cha chuma chenye uzi wa 12 nje na uzi wa 8 ndani, anakizungusha na gundi ya nyuzi, anakisawazisha kikae milimita moja chini ya uso ili raiza isije ikakalia bushi badala ya kikalio. Hilo la milimita moja nisingelifikiria kabisa. Nikamuuliza je haya matatu mazima tuyaache, akaniangalia kama vile nimeuliza kama tule leo au kesho. "Bolti moja inashika chuma, tatu zinashika aluminiamu, siku ya kuanguka itajulikana zipi zimeanza." Nimelipia yote manne. Elfu 40, na nilikaa pale saa tatu nikiangalia chips za chuma zinaruka, hakuna kitu kinatuliza moyo kama mashine ya kukereza ikiwa mikononi mwa mtu anayejua.

Kabla sijaondoka nimemuuliza kuhusu watu wanaopandisha usukani kwa kupanga washa nyingi, vile visahani vya bolti, au kukata vipande vya bomba. Kachukua washa tano kazipanga mezani kazisukuma kwa kidole, zikateleza kila moja na njia yake. Hakusema kitu. Ukiwa na kipande kimoja nguvu ya usukani inashuka chini kupitia uso mpana, ukiwa na washa zote hizo ni bolti peke yake ndo inapinda huku na huku kila ukipiga shimo, na bolti inayopindapinda inakatika siku moja bila taarifa.

Njiani nimenunua bolti za M8 urefu wa 65, zenye alama ya 8.8 juu ya kichwa. Alama hiyo itafute. Bolti isiyo na namba kichwani ni ya kufungia geti.

Jumatano usiku

Bamba limerudi. Bolti za 65 zimeingia kwa vidole mizunguko kumi na mbili kabla ya kugusa, nimehesabu kwa sauti, mwanangu wa miaka sita akahesabu na mimi na alipofika kumi na mbili akapiga makofi.

Safari hii sikukaza kwa hasira. Nimeazima toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa fundi wa magari hapa mtaani, nimeweka 22 (newton-mita), nimekaza kidogokidogo kwa kupokezana ili nafasi ya kibano ibaki sawa mbele na nyuma. Ilipolia "tik" nikaacha. Aisee ni kidogo kuliko unavyodhani! Mkono wangu wa zamani ungesema hii bado.

Jumamosi ya tatu, km 38,702 bado. Nyaya

Kupandisha usukani kumbe ni theluthi ya kazi, kilichobaki chote ni nyaya, na hapa ndo watu wanajiua.

Jaribio ni hili: washa pikipiki, weka gia huru, iache ingurume, halafu zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, sikiliza. Mimi nilipokata kushoto mpaka mwisho injini ikapanda yenyewe, vuuuu. Usukani ukienda kushoto gripu ya kulia inasogea mbele na waya wa mafuta unaoshuka kwenye kabureta unavutika, kwa hiyo unajipigia resi wenyewe. Sasa jipe picha unageuza pikipiki kwenye kichochoro au unakata kona ya mzunguko polepole na pikipiki inaamua kuongeza mafuta. Hiyo siyo ya kusema nitarekebisha kesho.

Waya wa mafuta niliupata bila kununua. Kiwandani wameufunga na kamba ya plastiki kwenye fremu na umezunguka kwa nje ya shingo, nikakata kamba, nikaupitisha ndani, nikapata kama sentimita mbili za ziada na mkunjo umekuwa laini zaidi. Nimejaribu tena kushoto kulia mara ishirini, muungurumo haubadiliki. Halafu nikarekebisha ule uchezaji, gripu izunguke milimita chache kabla mafuta hayajaanza kuvutwa.

Waya wa klachi uligoma. Kukata kulia mpaka mwisho klachi inakaza yenyewe, ule uhuru wa milimita mbili tatu pale kwenye mkono wa klachi unapotea, na klachi isiyo na uhuru ni klachi inayosaga sahani zake taratibu bila wewe kujua. Nikahangaika kuupitisha njia tatu tofauti, wapi. Jioni nikaenda duka la spea hapa Mbezi na waya wa zamani mkononi, tukaulaza kaunta tukalinganisha na wa modeli nyingine mpaka tukapata wenye ncha zilezile ila mrefu kwa sentimita nne hivi. 7,000. Nimemimina oili ndani yake kabla ya kufunga, funeli ya mfuko wa nailoni, inashuka polepole mpaka inatokea upande wa pili.

Breki ya mbele kwenye Boxer ni ya ngoma inavutwa kwa waya, na huo waya unazunguka pamoja na usukani, kwa hiyo kona hazikuusumbua, ila kupanda kule kumekula urefu. Nati ya kurekebishia pale kwenye ngoma imenipa kilichohitajika na imebaki na uzi wa kutosha. Ingekuwa ni breki ya diski ningekuwa naandika habari za mpira wa mafuta ya breki na kutoa hewa, nimeshukuru kimyakimya. Waya wa mita haukuhusika, mita imefungwa kule kwenye shokapu haijapanda na usukani.

Nyaya za umeme za swichi nimezilegeza ndani ya bakuli la taa kubwa, nimevuta kama sentimita tatu nje, nimezivisha kipande cha tyubu pale zinapogusana na chuma. Honi ilikataa kwa dakika kumi, ilikuwa soketi sijaibana.

Kitu cha mwisho ambacho karibu nikisahau: ule usukani umerudi nyuma milimita 14, sasa ukikata mpaka mwisho kidole gumba kinapita wapi? Upande wa kulia kinapita kati ya gripu na tangi, nafasi ya kidole kimoja na kidogo. Kimepita. Ningechukua ile ya 50 kisingepita.

Jumapili, km 38,702 hadi 38,748

Mbezi, Kibamba, Kiluvya, Maili Moja na kurudi. Vijana wa kijiweni wameniona natoka. "Kaka mkubwa, hiyo sio Boxer tena hiyo ni twiga!" Mmoja kaomba akae, ana kimo cha kawaida, kakaa kasema hapana hii mabega yanapanda. Na yuko sahihi, kwake yeye hii ni hasara. Nimemwambia alegeze vibano azungushe tu klachi na breki zake, keshafanya hapohapo na spana yangu.

Mwendo: kifua kimesimama, viwiko vimekunja kidogo, viganja vimegusa gripu tu havijabeba mtu. Kwenye foleni pikipiki inakata rahisi zaidi. Ila mbele imekuwa nyepesi, mwanzoni nilihisi kama usukani unauliza maswali, baada ya kilomita ishirini hivi nikazoea.

Nilipofika nyumbani nikapitisha toki renchi tena, moja ilisogea kidogo sana, tatu hazikusogea. Halafu nikachukua rangi ya kucha ya mama watoto, ya pinki, nikachora mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye kichwa cha kila bolti kushuka kwenye kibano. Bolti ikisogea mstari unavunjika, unaona kwa macho asubuhi kabla hujawasha, huhitaji spana. Mafundi wa viwandani wana rangi yao maalum ya hiyo kazi, mimi nina hii.

Ijumaa, km 38,749 hadi 39,150, Morogoro na kurudi

Mteja yuko nje kidogo ya mji wa Morogoro, kwa kawaida ningepanda basi. Nimeondoka saa kumi na moja alfajiri.

Mpaka Mlandizi sikufikiria chochote kuhusu mwili wangu, ndo nikagundua kwamba sifikirii. Nikavuka daraja la Ruvu. Chalinze nimesimama kunywa chai, nimenyoosha vidole, kidole cha mwisho kipo, cha pete kipo, vyote vinahisi joto la kikombe. Zamani pale nilikuwa napiga mikono kwenye mapaja kuamsha damu.

Sasa mabaya, maana yapo. Upepo. Nilikuwa nimejikunja nyuma ya taa, sasa kifua kiko wazi kama tanga, ukipishana na basi unasukumwa kweli, na ukizidi kilomita 80 shingo inaanza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mikono. Nikashuka 70 ikawa poa, na vijijini kote ni 50 hata hivyo, trafiki wapo wamejipanga kivulini. Mmoja kanisimamisha karibu na Mikese, kaangalia leseni, bima, halafu kaangalia usukani muda mrefu. "Umeuongeza huu?" Nikamwambia ndiyo afande, mgongo. Kautikisa mwenyewe kwa nguvu mbele nyuma, kaangalia zile bolti, kauliza hii pinki ni nini. Nikamweleza. Akasema nenda.

La pili ni makalio. Uzito uliokuwa kwenye viganja haukupotea hewani, umehamia kwenye siti, na siti ya Boxer yangu sponji imeshakufa pale mbele. Kutoka Chalinze kuja Morogoro nimekaa pembeni pembeni kama mtu aliyechomwa sindano. Mradi unaofuata unajulikana.

La tatu vioo. Vimepanda na usukani, vinatetemeka zaidi kwenye mwendo wa 60 hivi, gari la nyuma naliona ila sijui ni Noah au Hiace. Nimekaza nati zake, imepungua, haijaisha.

Gharama zote mpaka leo, bila kuhesabu nauli na siku ya kazi niliyopoteza: raiza 45,000, Gerezani 40,000, bolti 8,000, waya wa klachi 7,000. Laki moja kamili. Ningehesabu mizunguko ile Jumamosi ingekuwa elfu sitini.

Jumamosi ya tano, km 39,388

Asubuhi ya leo nimepita na toki renchi mara ya tatu, zote nne zimelia palepale kwenye 22, hakuna iliyosogea hata kidogo. Sponji ya siti nimeshaongea na fundi wa masofa, anataka siti nzima akae nayo siku mbili.

Chupa ya rangi ya kucha nimeirudisha kwenye meza ya kioo nikidhani haijulikani. Mama watoto kaja uani na chai, kainama kwenye usukani, kaangalia ile mistari minne, akasema hii ndo ilikuwa inaisha bila mimi kupaka? Halafu akaingia ndani akatoka na nyingine nyekundu, akasema ya pinki ni ya sherehe, tumia hii.

Ya pinki ipo bado kwenye bolti. Sijaifuta.